Senti 49 za Jerry Rice

Tarehe 24 Agosti 2006, Jerry Rice, akiwa na umri wa miaka 43, alitia saini mkataba na San Francisco 49ers, klabu ya kandanda ya Kimarekani, wenye thamani ya dola 1,985,806.49, na katika fedha hizo hakulipwa hata senti moja. Ulikuwa mkataba wa siku moja, nao ulikuwa na kazi moja tu: kumwezesha mpokea pasi huyo kutundika daluga akiwa mchezaji wa klabu ile ile iliyomtema miaka mitano kabla. Desturi hii si ngeni katika mchezo huo; Emmitt Smith, aliyeachwa na Dallas Cowboys mwaka 2003, alifanya vivyo hivyo mwaka 2005. Hata hivyo, kila inaporudiwa huibuka wanaoiita usanii mtupu, na hoja zao zina uzito, ingawa naona kwa Rice zimekosea mlango.

Hoja ya kwanza ni kwamba alikuwa amekwisha kustaafu. Septemba 2005 aliondoka Denver Broncos kabla msimu haujaanza, baada ya kubaini kuwa nafasi iliyomsubiri ni ya akiba, akatangaza kwamba safari imefika mwisho. Kumsajili mstaafu ili astaafu tena ni jambo ambalo hata mwenye kuipenda desturi hii hulieleza kwa tabasamu.

Hoja ya pili inatoka Oakland, na ni nzito zaidi. Raiders, klabu ya huko, ilimchukua mwaka 2001 wakati wengi waliamini kwamba amekwisha. Katika msimu wa 2002, aliotimiza miaka 40 ndani yake, alipokea pasi 92 na kupata yadi 1,211, kisha akacheza Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Januari 2003, ambako timu yake ililazwa na Tampa Bay 48 kwa 21 lakini yeye mwenyewe alifunga. Shabiki wa Oakland ana haki ya kuuliza kwa nini waliomwamini wakati wa mashaka waachwe nje ya sentensi ya mwisho, na waliomwonyesha mlango ndio wapewe nafasi ya kumuaga.

Lakini tuangalie alivyoachwa. Ligi ya mchezo huo, NFL, huweka ukomo wa jumla ya mishahara ya kila klabu, na 49ers, iliyokuwa imesukuma malipo mbele mwaka hadi mwaka, ilifika mahali ambapo hesabu zilikataa kufunga. Mchezaji mkongwe mwenye mshahara mkubwa akawa tarakimu ya kupunguzwa. Tarehe 17 Desemba 2000, katika mechi yake ya mwisho ya nyumbani na klabu hiyo, dhidi ya Chicago Bears, uwanja ulikuja kumuaga Rice. Mpira, kwa upande wake, ulimfuata mchezaji mwenzake kijana, Terrell Owens, aliyepokea pasi 20, rekodi ya ligi kwa mechi moja wakati huo. Ni vigumu kupata picha iliyo wazi zaidi ya kupishana kwa zamu. Hapakuwa na ugomvi wa kusuluhishwa baadaye, wala hakuna aliyedai kwamba Rice ameshindwa kazi. Kulikuwa na daftari la hesabu, na ndani yake jina lake lilikuwa ghali.

Ndiyo maana siwezi kuipita harakaharaka ile dola 1,985,806.49. Isome polepole: 1985 ni mwaka aliochaguliwa na 49ers kutoka chuo cha Mississippi Valley State, 80 ni namba ya jezi yake, 6 ni mwaka 2006 aliostaafu, 49 ni klabu yenyewe, iliyowekwa kwenye senti. (Mwenye jicho la karani ataona kwamba ukitaka mwaka usomeke 06, sifuri moja inabidi ifanye kazi mbili, mara kwenye jezi, mara kwenye mwaka.) Mwaka 2001 tarakimu zilimhusu kwa namna moja tu, kwamba zilikuwa kubwa mno. Mwaka 2006 kila tarakimu ilikuwa yeye. Wanaocheka kwamba fedha hizo hazikulipwa wanasahau kuwa ni fedha zilizokuwa zimemwondoa, na kwamba mkataba pekee ambao daftari lisingeweza kuuvunja ulikuwa ule usiokuwa na malipo.

Kuna pia hesabu ya kawaida zaidi. Katika pasi 1,549 alizopokea katika maisha yake ya uchezaji, 1,281 alizipokea akiwa 49ers, yaani zaidi ya nane katika kila kumi, na mataji yake yote matatu ya Super Bowl yalipatikana huko. Oakland ilimpa heshima ya uzeeni, na haikufutwa, kwa kuwa rekodi haziulizi mtu alistaafia wapi. Alichochagua ni jina la kuandikwa mwishoni, na sioni ni nani mwingine angestahili kumchagulia.

Hayo hayaitakasi klabu. 49ers ilikula matapishi yake bila gharama yoyote, na ikapata siku nzuri mbele ya waandishi wa habari. Tena, na hapa wakosoaji wananishinda kabisa, mlango huu hufunguliwa kwa wachache. Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, klabu 32 hupunguza vikosi hadi wachezaji 53, na kundi kubwa la wanaotemwa siku hizo halitaitwa na mtu yeyote kuja kutia saini chochote, hata cha mchana mmoja. Desturi inayodai kuponya kuachwa imewekewa wale ambao majina yao yangekumbukwa hata bila hiyo.

Tarehe 19 Novemba mwaka huo huo, wakati wa mapumziko, 49ers ilimuenzi Rice mbele ya mashabiki wake. Wageni walikuwa Seattle Seahawks, timu aliyoichezea mwaka 2004. Huko Seattle alivaa jezi namba 80 kwa ridhaa ya Steve Largent, kwa kuwa klabu ilikuwa imekwisha kuistaafisha namba hiyo, yaani isivaliwe tena na mwingine, kwa heshima ya Largent. San Francisco hakuwa na haja ya kumwomba mtu.