Nyumbu wa Tarangire Wahesabiwe kwa Njia Zao

Kiangazi kikikolea, nyumbu hujaa Mto Tarangire, na ukiwaona hapo utaapa ni kundi moja la hifadhi. Mvua zikinyesha wanaachana. Wengine hushika mashariki hadi tambarare za Simanjiro, kwenye majani yenye fosforasi ambayo majike wanaonyonyesha wanaihitaji sana. Wengine hupita ushoroba wa Kwakuchinja, yaani mapito ya wanyamapori, wakielekea kaskazini hadi Gelai, karibu na Ziwa Natron. Idadi moja iliyopatikana mtoni huficha mambo: njia ya kaskazini ikizibwa na mashamba, wa Simanjiro wakiongezeka watafunika pengo, nasi tutasema hali ni shwari.

Kwa hiyo mpaka wa usimamizi ufuate nyayo, si vigingi vya hifadhi. Visukuma mawimbi, yaani vifaa vya kufungwa shingoni vinavyorekodi mahali mnyama alipo, vinaweza kutuonyesha mpaka huo, ila vikifungwa ovyo vitatupotosha. Kosa kubwa ni kuvifunga vyote kando ya mto, mahali pamoja, kwa kuwa hapo wanyama wanafikika kirahisi. Unaweza kujikuta umewafunga wa njia moja tu. Vigawanywe Simanjiro na Gelai pia, lakini si majuma ya kuzaa. Jike aliyelazwa kwa dawa ya usingizi anaweza kupotezana na ndama wake.

Kifaa kikirekodi kila baada ya saa 6, unapata nukta 4 za mahali alipo mnyama kwa siku, na usiku ambao kundi lilivuka barabara ya Arusha–Babati hutajua lilivukia wapi. Kila saa ni bora zaidi, ila betri huisha mapema. Mimi nachagua kila saa 2, kwa miaka 2 kamili, kwa sababu mwaka mmoja wa ukame unaweza kubadili njia. Nukta za siku za mwanzo baada ya dawa ziwekwe kando, maana huenda mnyama bado hajarudia mwendo wake wa kawaida.

Kwenye ramani, usiunganishe nukta za pembezoni: mnyama mmoja mzururaji atakupanulia eneo lote. Chora eneo lenye asilimia 95 ya nukta, masika peke yake, kiangazi peke yake. Makundi yakirudia kila moja njia yake mwaka wa pili, yahesabiwe mbalimbali hata kama yanakunywa mto mmoja. Vinasaba kufanana si hoja ya kuyahesabu kama kundi moja. Wanyama wachache wanaohama kundi wanatosha kuvifananisha, lakini hawatoshi kulifufua kundi linalokufa.

Mgawo wa uwindaji upangwe kwa kila kundi, na ramani hiyo ifike kwenye vijiji vya Kwakuchinja kabla mashamba mapya hayajapimwa.