Leseni ya kibanda cha simu ikifutwa: tuzo ya msuluhishi hupingwa kwa lipi?

Kabla ya simu za mkononi kuenea, mitaa ya India ilijaa vibanda vya simu vyenye maandishi STD, ISD, PCO, yaani simu za mbali ndani ya nchi, simu za nje ya nchi, na kituo cha simu cha umma. Watu wenye ulemavu walipewa kipaumbele katika kugawa leseni. Mwenye kibanda aliweka dhamana, akakusanya pesa za wapigaji, akabaki na kamisheni yake. Leseni ikifutwa kwa deni la bili au kwa tuhuma ya kuvunja masharti, riziki ya nyumba nzima ilikwenda nayo.

Mgogoro ukifika kwa msuluhishi, na tuzo yake, yaani uamuzi wake, ikamwangusha mwenye kibanda, afanyeje?

Hoja ya shirika la simu, kwamba tuzo iwe ya mwisho, si dhaifu. Usuluhishi usio na mwisho hauna maana. Jaji akianza kukagua bili moja moja, kesi imezaliwa upya. Ndiyo maana kifungu cha 34 cha Sheria ya Usuluhishi ya India ya 1996 kinatoa miezi 3 tu ya kupinga tuzo, na siku 30 za nyongeza kwa mwenye udhuru. Sababu zenyewe ni chache, kama vile kunyimwa taarifa au nafasi ya kujieleza, msuluhishi kuvuka mamlaka yake, tuzo kukiuka sera ya umma. Kwamba ushahidi ulipimwa vibaya, hilo peke yake halitoshi.

Sawa, lakini ukali huo unavumilika pale pande zote mbili zilipomkubali mwamuzi. Chini ya kifungu cha 7B cha Sheria ya Telegrafu ya 1885, kilichohusu migogoro ya simu, serikali ndiyo iliyomteua msuluhishi, na tuzo yake haikuwa na rufaa, ila Mahakama Kuu iliweza kupitia uhalali wake. Mwenye kibanda alichagua nini hapo? Mwaka 1996, katika kesi ya M. L. Jaggi dhidi ya MTNL, shirika la simu la serikali, iliyotokana na bili za simu, Mahakama ya Juu ilisema msuluhishi wa namna hiyo lazima aandike sababu, maana bila sababu Mahakama Kuu haina cha kupitia. Kwangu mimi, upenyo uko hapo. Tuzo ya mistari miwili, “dai limekataliwa”, ni rahisi kuiangusha kuliko tuzo ndefu yenye makosa ya hesabu.

Kizingiti kigumu zaidi ni kile anachopata mshindi. Katika kesi ya Indian Oil dhidi ya Amritsar Gas Service ya 1991, msuluhishi alimrudishia wakala wa gesi uwakala wake. Mahakama ya Juu ikakataa: mkataba unaovunjika kwa notisi ya siku 30 haurejeshwi, na fidia ni ya siku hizo 30 basi. Masharti ya leseni ya kibanda yakiwa hivyo, shirika lililokosea linaponea kwa kamisheni ya mwezi mmoja. Kisheria inaeleweka, kwa aliyekopa kujenga kibanda, ni dhuluma. Wakili mkweli atamwambia mteja asihangaikie leseni: adai dhamana yake na kamisheni zilizozuiwa, maana hizo ni pesa zake hata kama leseni ilifutwa kihalali, ikitolewa tu bili anayodaiwa.