Nani aandike viunganishi vya Rust: mashine au mkono?

Kwa Jumamosi tatu sasa kikundi chetu cha waandishi wa programu hapa Kondele, Kisumu, kimekuwa kikibishana juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana la kifundi tu. Tunaunda chombo kidogo cha kukagua tovuti. Kazi yake ni kukiuliza kivinjari maswali yale yale ambayo kisoma-skrini, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, hukiuliza, kisha kumwonyesha mwenye tovuti, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu asiyeona atakwama: kitufe kisicho na jina, picha isiyo na maelezo, fomu ambayo visanduku vyake havijitambulishi. Tumeamua kukiandika kwa lugha ya programu ya Rust. Lakini violesura vya ufikivu vya kivinjari kwenye Windows, milango ambayo kisoma-skrini hupitishia maswali yake, viliandikwa kwa ajili ya lugha za C na C++, kwa hiyo lazima pawe na tabaka la viunganishi katikati, yaani maelezo ya Rust yanayosema kitendakazi hiki (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) kiko hapa, kinapokea hiki, kinarudisha kile. Wenzetu wengine wanataka mashine izalishe maelezo hayo yote kutoka kwenye faili za violesura. Wengine wanataka tuandike kwa mkono yale machache tunayoyahitaji.

Mimi nimepanda gari la mashine, ila kuna kituo ambacho nashuka, na ningependa kukieleza vizuri kituo hicho.

Kwanza uzito wa jambo lenyewe. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma kwa wananchi. Tangu hapo mtu wa Ahero au Muhoroni anayetafuta cheti hukutana na serikali yake ndani ya kivinjari. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Kwa asiyeona anayetumia kompyuta, haki hiyo hupitia mlango mwembamba sana: ile sehemu ya ufikivu ndani ya kivinjari. Mlango ukikwama, Katiba nzima inabaki nje.

Sehemu hiyo hujenga mti. Kila kichwa, kiungo, kitufe na kisanduku cha fomu huwa tawi lenye jina, aina, hali na thamani. Kisoma-skrini kama NVDA, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na kinachopatikana bure, huutembelea mti huo tawi kwa tawi na kuyatamka yaliyomo. Kwenye Windows maswali mengi hupitia IAccessible, kiolesura cha Microsoft cha miaka ya 1990, na IAccessible2, nyongeza iliyotoka IBM mwaka 2006 ili kuziba mapengo ya maandishi, majedwali na mahusiano. Firefox na Chrome huvitoa vyote viwili. Vimejengwa juu ya COM, utaratibu wa Microsoft wa kuunganisha programu na programu, ambamo kiolesura ni orodha ya vitendakazi vilivyopangwa kwa mfuatano usiobadilika. Programu ikishaanza kufanya kazi, majina ya vitendakazi hayapo tena. Zipo nafasi tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hapo ndipo hoja ya mashine inaponishika. IAccessible ina vitendakazi 21 vyake yenyewe. Kabla yake vipo 4 vya IDispatch na 3 vya IUnknown, violesura vya msingi vya COM ambavyo inavirithi, jumla nafasi 28, na IAccessible2 inaanza baada ya hizo. Anayeandika kwa mkono hawezi kusema anahitaji sita tu. Lazima azijaze nafasi zote zilizotangulia, kwa mpangilio sahihi, hata zile asizozigusa. Na makosa ya mpangilio hayapigi kelele. Kitendakazi cha kuuliza jina na kile cha kuuliza thamani vimefuatana, na vinapokea na kurudisha vitu vya aina ile ile. Mwenzetu mmoja alivipindua alipokuwa akinakili usiku. Kompaila ya Rust, yaani programu inayoukagua msimbo na kuugeuza kuwa lugha ya mashine, ambayo tunaisifu kwa ukali wake, haikuona tatizo lolote, kwa sababu kwa maumbo hakukuwa na tatizo. Chombo chetu kikaripoti kwamba fomu ina kisanduku kinachoitwa "Kisumu" chenye thamani "Kaunti". Tuliipita ripoti hiyo mara mbili bila kushtuka. Mashine inayosoma faili ya kiolesura haipindui mistari kwa uchovu, wala haikosei tarakimu moja katika namba ya utambulisho ya biti 128 ambayo kila kiolesura cha COM hubeba.

Mtu anaweza kuuliza: si Microsoft imeshatoa viunganishi vya Rust? Imetoa, na kwa IAccessible vinatosha. Vinazalishwa kutoka kwenye maelezo ya mfumo wa Windows wenyewe. IAccessible2 haimo, kwa kuwa si mali ya Windows. Kwa hiyo kazi imebaki kwa anayeihitaji.

Sasa upande wa mkono, na hapa sitaki kuupunja, maana wenye hoja hii wameona jambo ambalo mimi nilichelewa kuliona. Faili ya kiolesura inasema maumbo. Sheria zenyewe zimo kwenye maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya binadamu kando ya kila kitendakazi, na mashine hairuhusiwi hata kuyajali. Kwake hayo ni maneno ya kuruka.

Chukua swali la jina, ambalo ndilo roho ya chombo chetu. Kivinjari kikiulizwa jina la kitu kinaweza kujibu kwa njia tatu. Cha kwanza, jina hili hapa. Cha pili, imeshindikana, labda ukurasa umefungwa na tawi halipo tena. Cha tatu, nimefanikiwa lakini kitu hiki hakina jina; jibu hilo katika COM huitwa S_FALSE, nalo huhesabiwa miongoni mwa mafanikio. Firefox huenda mbali zaidi. Picha ikiwa haikupewa maelezo kabisa, hurudisha S_FALSE, na kisoma-skrini kinaweza kuamua kubuni jina kutoka kwenye jina la faili la picha. Lakini mwandishi wa ukurasa akiacha maelezo wazi kwa makusudi, akimaanisha kwamba hili ni pambo tu, Firefox hurudisha mafanikio ya kawaida yenye neno tupu.

Mashine yetu ya kuzalisha ilifanya nini na majibu hayo? Rust hupenda matokeo ya aina mbili: sawa, au kosa. Viunganishi vilivyozalishwa vikaiweka S_FALSE kwenye sawa, na kwa kuwa katika COM neno lisilokuwepo husomwa kama neno tupu, picha iliyosahauliwa na picha ya pambo zikawa kitu kimoja. Yaani kosa tulilokuja kulitafuta likafutwa na tabaka la katikati kabla halijatufikia. Hakuna kumbukumbu iliyovuja, hakuna programu iliyoanguka, na bado chombo kilikuwa kinasema uongo. Aliyetugundulia ni mwalimu mmoja asiyeona anayeishi upande wa Kibos, ambaye huja kutujaribia. "Mwalimu, ukurasa huu ni safi," tulimwambia. Akaufungua kwa NVDA, akasikiliza, akasema: "Mbona mimi nasomewa namba za kamera?" Zilikuwa picha nne, na kila moja ilisomwa kwa jina la faili lake.

Kuna pia suala la nani aachilie kumbukumbu. Katika IAccessible2 baadhi ya vitendakazi hurudisha safu ya vitu ambayo kivinjari ndicho kilichoitengea nafasi, na anayeuliza ndiye anayepaswa kuiachilia kwa CoTaskMemFree, kitendakazi cha Windows cha kazi hiyo. Sharti hilo liko kwenye maelezo. Rust ina sifa ya kujua kila kitu ni cha nani, ila sifa hiyo huishia mpakani. Ng'ambo ya mpaka inaamini kile ulichoiambia. Viunganishi vikinyamaza, kumbukumbu itavuja polepole, na kwenye kipakatalishi cha mtumba cha gigabaiti 4 uvujaji wa polepole si polepole sana.

Mfano ninaoupenda zaidi, na nadhani ni sisi wa lugha hii tutakaoukuta mapema, ni wa ng’ombe. Violesura hivi huhesabu maandishi kwa vipande vya UTF-16. Rust huhifadhi maandishi yake kwa UTF-8. Hizo ni njia mbili tofauti za kugeuza herufi kuwa namba. Kwa Kiswahili kingi hesabu hizo mbili hulingana, ndiyo maana majaribio yetu yote ya kwanza yalipita. Kisha mtu akabandika maandishi kutoka kwenye hati iliyogeuza ritifaa kuwa ile iliyopinda. Neno lile lina vipande 7 kwa UTF-16, lakini baiti 9 kwa UTF-8, kwa sababu ritifaa iliyopinda peke yake inachukua baiti 3. Kivinjari kinasema kishale kiko nafasi ya 3, yaani kwenye herufi o, maana hesabu huanza na sifuri. Baiti ya 3 katika Rust iko katikati ya ritifaa. Ukikata neno hapo Rust hukataa na kuisimamisha programu papo hapo. Hakuna kiolesura kilichozalishwa vibaya hapa. Namba ni namba kamili, aina ni sahihi, kila kitu kimelingana, isipokuwa maana. Na majina ya watu wa huku yamejaa ng' kila upande.

Basi kwa nini bado nasema mashine? Kwa sababu hoja zote hizi za mkono zinahusu tabaka la juu, na wenzangu wanazitumia kulitetea tabaka la chini. Jedwali la nafasi 28 halihitaji hekima ya mtu. Linahitaji usahihi usiochoka. Hekima inahitajika pale tunapoamua S_FALSE iwe jibu la tatu lenye jina lake, pale nafasi zote za maandishi zinapogeuzwa kutoka hesabu moja kwenda nyingine mahali pamoja tu, pale safu inapofungwa ndani ya aina ya Rust itakayoiachilia yenyewe. Hapo ndipo kituo changu. Mashine ishuke chini ichimbe msingi, kuta tutasimamisha wenyewe, tukiwa na maelezo ya kila kitendakazi mbele ya macho.

Mozilla yenyewe ina mfano unaonifundisha. Ndani ya Firefox kuna violesura vya XPIDL, lugha yake ya kuelezea violesura vya ndani, na viunganishi vyake vya Rust huzalishwa wakati wa kujenga kivinjari. Kizalishi kikikutana na kitendakazi chenye aina ambayo hakiwezi kuieleza kwa Rust, hakibahatishi. Kinaiacha nafasi ile kwenye jedwali ili mpangilio usivurugike, kinaandika kwamba kimeshindwa kuizalisha, na huwezi kuiita. Ningetaka chetu kifanye vivyo hivyo kwa kila kitendakazi kinachoweza kurudisha S_FALSE: kiache nafasi, kikatae kutoa njia rahisi, mpaka mmoja wetu asome maelezo na kuiandika njia hiyo kwa mkono.

Kuna hoja moja ya nje ya ubishi wetu. Kwa nini tuhangaike na violesura vya zamani, ilhali Chrome tangu toleo la 138 la mwaka 2025 imewasha UI Automation, kiolesura kipya zaidi cha ufikivu cha Microsoft, kwenye Windows bila mtumiaji kuiomba, na viunganishi vya Rust vya UI Automation viko tayari? Ni hoja nzuri kwa anayeanza kitu cha kudumu miaka kumi. Sisi tunataka kusikia anachosikia mwalimu leo, na NVDA inapozungumza na Firefox bado hupitia IAccessible2. Kuna pia AccessKit, maktaba ya ufikivu iliyoandikwa kwa Rust, lakini hiyo humsaidia anayejenga programu ya kusomwa. Sisi ndio wasomaji.

Jambo ambalo halijaisha ni kama faili iliyozalishwa ihifadhiwe pamoja na msimbo wetu au izalishwe upya kila mara. Mimi nataka ihifadhiwe. Anayejiunga nasi kutoka Maseno kwa bando la simu asilazimike kupakua zana zote za Windows ili aongeze mstari mmoja, na toleo jipya la kiolesura likija tuone kwa macho kilichobadilika. Wanaopinga wanasema faili ya namna hiyo itahaririwa na mtu siku moja, kimya kimya, na hapo tutarudi kwenye "Kisumu" na "Kaunti". Hofu yao ni ya kweli. Kwa sasa tumeweka jaribio linaloizalisha upya na kulinganisha kabla ya badiliko lolote kukubaliwa, na bado wawili hawajaridhika.

Kwa upande wa jina tumeshakubaliana, na mwalimu ndiye aliyechagua maneno. Jina lisipopatikana, chombo kitatoa moja kati ya majibu matatu: "Hakijapewa jina." "Jina limeachwa wazi kwa makusudi." "Kivinjari hakikujibu." La kwanza pekee ndilo litakalohesabiwa kuwa kosa la mwenye tovuti.