Hoodia ina wenyewe

Nimekutana na tangazo la unga wa kupunguza unene uliotengenezwa kwa hoodia, mmea wa jangwani kusini mwa Afrika, limeandikwa kwa herufi kubwa "siri ya jangwa". Limenikera. Jangwa halina mdomo. Waliotuambia habari za mmea huu ni Wasan, wenyeji wa asili wa jangwa la Kalahari, na jina lao halimo popote kwenye tangazo lile.

Mwindaji wa Kisan hukata shina la hoodia, hukwangua miiba, kisha hutafuna nyama yake chungu ili njaa na kiu visimsumbue akifuata mnyama. Ukiuona mmea wenyewe utadhani ni dungusi kakati, na maua yake hunuka mzoga ili yavute nzi. Nani angeuweka mdomoni kama hakufundishwa? Ujuzi huo ni kazi ya vizazi na vizazi.

Katikati ya miaka ya 1990, CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, ilijipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya viini vya hoodia vinavyodaiwa kuzuia njaa. Mwaka 1997 leseni ya kuitumia ikaenda kwa Phytopharm, kampuni ya Uingereza, na mwaka uliofuata kampuni ya dawa ya Pfizer ikaingia. Wasan hawakuulizwa. Walikuja kuitwa mezani baada ya kelele kupigwa, na Machi 2003 wakatia saini na CSIR: asilimia 6 ya mrabaha, yaani fungu la mauzo ambalo CSIR ingelipwa, na asilimia 8 ya malipo ambayo CSIR ingepata kwa kila hatua ya utafiti. Nakubali, mkataba ule ulikuwa afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini mtu akishavuna shamba lako bila ruhusa, hawezi kuja na debe moja akasema mmegawana. Pfizer walijitoa mwaka huohuo. Unilever, kampuni ya vyakula na bidhaa za nyumbani, walichukua nafasi, nao wakaacha mwaka 2008, na ile bidhaa iliyotarajiwa kuleta mrabaha haikufika sokoni.

Na huyo muuza unga asome matokeo ya jaribio la Unilever yaliyochapishwa mwaka 2011. Wanawake waliopewa dondoo ya hoodia hawakupunguza kula. Walichopata ni kichefuchefu, kutapika, shinikizo la damu kupanda na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kutafuna kipande kibichi porini ni jambo moja, kumeza dondoo iliyokolezwa kila siku ni jingine kabisa.

Kwa hiyo muuzaji aondoe ahadi ya kupunguza unene. Na kama ataendelea kuuza kitu chochote kwa jina la hoodia, aandike Wasan kwenye kopo, kisha aonyeshe wanalipwa kiasi gani.