Trei Tano za Keki na Ukoo Usiohesabika

Mtu akikwambia "tupike keki kidogo tu, za kunywea chai baada ya kisomo cha khitma," mwangalie vizuri usoni. Huyo hajawahi kuhesabu ukoo. Shughuli ya watu 120 maana yake ni watu 120 waliokumbukwa majina. Bado hujatia watoto wa mjomba waliovuka na boti kutoka Pemba kuja Unguja, wala shoga wa wifi aliyekuja kusaidia kukuna nazi, na watoto wake wanne nyuma. Wote hao wanataka kipande, na kipande chenyewe kiwe cha katikati, laini, kina rangi juu. Cha pembeni hakitaki mtu. Cha pembeni ni cha mpishi, kama ukoko.

Sasa uliza kipimo.

"Bibi, unga kiasi gani?"

"Vikombe vitano."

"Kikombe kipi?"

"Kile cha maua."

Kikombe cha maua kilishavunjika, kimebaki kisahani. Na siagi? "Kiasi." Sukari? "Onja mwenyewe." Mayai? "Kumi, lakini yakiwa madogo ongeza." Niongeze mangapi? Hapo unaambiwa watoto wa siku hizi mna maswali mengi, ndiyo maana keki zenu hazifuri.

Na uchungu wake ni kwamba ndani ya hicho "kiasi" mna hesabu, tena safi kabisa. Ni keki ya ratili: unga ratili moja, sukari ratili moja, siagi ratili moja, mayai ratili moja. Basi. Ratili ni kama gramu 450, nusu kilo iliyopunjwa kidogo. Waingereza wanayo hesabu hiyo tangu karne ya 18, na keki yenyewe wakaipa jina la uzito huo, pound cake. Yai la dukani likishatolewa ganda lina kama gramu 50, kwa hiyo ratili ni mayai tisa. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo, gramu 40 hivi au chini, yanaingia kumi na moja mpaka kumi na mbili. "Mayai kumi" ya bibi si uongo, ila inategemea kuku.

Trei ya sentimita 23 kwa 33 inatosha ratili moja: ikitiwa inafika nusu, ikiiva inasimama kama vidole viwili. Kata mistari minne kwa sita, una vipande 24 vya heshima. Trei tano, vipande 120. Mayai 45, yaani trei moja na nusu ya mayai. Unga kilo mbili na robo, sukari vivyo hivyo, siagi vivyo hivyo. Mpaka hapa mambo ni mazuri, mtu anajiona mhasibu.

Ndipo anapotokea mwerevu mmoja wa familia: "Kwani kuhangaika mara tano? Pigeni yote pamoja." Likaletwa beseni la kufulia. Jamani, keki haizidishwi namna hiyo! Siagi kilo mbili na robo haipigiki kwa mwiko mmoja. Juu inaonekana laini, chini kuna madonge kama udongo wa kukandikia. Halafu jiko linaingia trei moja, mbili zikizidi. Zilizobaki zinasubiri. Na baking powder haisubiri mtu: ikishapata maji tu inaanza kutoa hewa yake. Trei ya kwanza inafura, ya tatu inajikaza, ya tano inatoka kigae. Kisha kigae hicho kinapelekewa wageni wa kiume barazani, maana wao hawasemi. Piga ratili moja moja. Mashine ikiwa kubwa, piga mbili. Siagi na sukari iliyokwisha pigwa inaweza kukaa, unga uliokwisha tiwa hauwezi.

Na hiyo baking powder nayo ina wazimu wake. Keki ya ratili ya asili haikuwa nayo. Ilifurishwa na hewa ya mkono. Kwa mikono yetu ya sasa, inayochoka kwa dakika tano, vijiko viwili vya chai vya kufuta kwa ratili vinatosha. Lakini lazima apite mtu na kauli yake: "Zidisha kidogo ifure vizuri." Ukizidisha inafura kweli, inafura mbio, kuta zake hazijawahi kukaza, ikifika juu inakaa chini kama mtu aliyesikia bei ya mayai wiki ya Idi. Na mdomoni inaacha uchungu wa sabuni.

Tuje kwenye kupiga, maana hapa ndipo penye keki yenyewe. Vitabu vya wenzetu vinasema siagi itolewe frijini ikae mpaka ilainike kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, joto la chumba hapa linageuza siagi mafuta kabla hujatafuta mwiko, na mafuta hayashiki hewa hata uyapige mpaka Magharibi. Siagi inatakiwa ibonyezeke kwa kidole na alama ibaki, lakini isiteleze wala kung'aa. Ikianza kung'aa, kalisha bakuli ndani ya beseni la maji baridi, endelea. Sukari zetu nazo zina chembe kubwa, haziyeyuki, keki inatoka na madoa juu kama uso wa mtoto mwenye vipele vya joto. Isage kwenye blenda au itwange kidogo kwanza. Hapo hapo twanga na iliki yako pamoja na kijiko cha sukari, uchekeche, la sivyo wageni watakaa wanachokoa meno.

Kwa mwiko ni dakika ishirini, si tano. Unaanza na kitu cha manjano, kizito, kinachokwaruza bakuli khrr khrr. Kidogo kidogo sauti inapungua, rangi inapauka, mwiko unakuwa mwepesi. Wengi wanaachia hapo, na hapo bado. Chota tone, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Likizama, rudi kazini. Likielea, mkono wako umetia hewa.

Mayai yaingie moja moja, na yasiwe ya baridi kutoka frijini, kwani siagi itashtuka na rojo litakatika kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Likikatika usilie, tia kijiko cha unga, piga, litarudi. Kisha unga, mara tatu, kwa kukunja taratibu kutoka chini kwenda juu. Unga ukishapotea machoni, acha! Unga wa ngano ukipigwa sana unavuta, keki inakuwa na mashimo marefu ndani na inatafunika kama mpira. Bi mkubwa atasisitiza ukoroge upande mmoja tu, wa kulia, ukigeuza mkono keki inazama. Mwitikie "naam." Upande hauna neno, wingi wa kukoroga ndio wenye neno. Lakini keki ni ya siku moja, bi mkubwa ni wa kila siku.

Na umeme? Mashine ikifika katikati ya sukari na siagi, pap, giza. Vijana wanatazamana kama meli imezama. Chukua mwiko, uendelee. Unguja ilikaa kama miezi mitatu bila umeme, kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na keki hazikukosekana.

Jiko sasa. Keki ya sufuria tunaijua sote: moto juu na chini, makaa machache chini, mengi juu ya bati. Ukigeuza hesabu, chini inakuwa mkaa na juu bado uji. Lakini trei ya mstatili haikai kwenye seredani ya makaa: katikati inaungua, pembe nne zinatazama tu. Ndiyo maana watu wa shughuli kubwa wanakwenda na trei zao kwenye tanuri la mkate. Nenda, lakini nenda baada ya mkate kutoka, moto umeshapoa kidogo. Tanuri la boflo likiwa na hasira zake, keki inapata ganda jeusi kwa dakika kumi na tumbo bichi. Na tia alama trei yako. Karatasi yenye jina inaungua, chaki inafutika, uzi mwekundu unakuwa majivu. Kwaruza na msumari chini ya ukingo.

Mwenye jiko la gesi na oveni yake asijione. Joto la trei ni nyuzi 160 mpaka 170 za Selsiasi, si lile 180 la keki ndogo ya duara, kwa sababu pembeni panakauka kabla katikati hapajashika. Dakika 45 mpaka 55. Kama kitasa cha moto kimefutika namba, na vingi vimefutika, nyunyiza unga kwenye kibati utie ndani: ukipata rangi ya biskuti kwa dakika tano, moto ni wa kati. Ukiwa mweusi, punguza. Na mtungi upimwe jana yake. Mwagia maji ya moto ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo. Mtungi unaokwisha kwenye dakika ya thelathini unaharibu keki na undugu. Ukikwisha hivyo hivyo, usifungue oveni kuchungulia. Badilisha mtungi kwanza, joto la ndani litaivumilia keki kidogo.

Kufungua mlango! Hapa ndipo pana ugonjwa wa ukoo mzima. Dakika ya kumi na tano anafungua shangazi: "Naangalia tu." Dakika ya ishirini anafungua mtoto wake: "Mama kasema niangalie." Keki wakati huo imesimama kwa hewa ya moto, mayai na unga bado hayajakaza. Hewa baridi ikiingia, kati inazama shimo la kutosha bakuli la mchuzi. Je, atalaumiwa shangazi? Thubutu! Atalaumiwa jirani aliyepita uani akasema "mmh, harufu nzuri" bila ya kusema mashallah. Ubani unafukizwa nyumba nzima, mlango wa oveni hausemwi. Usiguswe mpaka zipite dakika 35. Baada ya hapo chukua chelewa kavu, safi, lichomeke katikati, si pembeni. Likitoka kavu imeiva. Likitoka na rojo, rudisha, na mpeleke shangazi akamenye vitunguu thomu.

Keki ikitoka inatakiwa ikae. Trei hii si ya kupindua. Iache humo humo ipoe, saa moja na nusu au mbili. Ukiikata ya moto unapata makombo, na makombo hayagawiki kwa watu 120. Ukiifunika na nailoni ikiwa na joto, jasho lake linairudia. Kwa unyevu wetu huu, kesho yake usiku ina utelezi na harufu ya chachu. Ikishapoa kabisa, ifunike kwa kawa, kile kifuniko cha kusuka. Kawa linapumua, na lilikuwapo kabla ya hivyo vifuniko vya plastiki vinavyouzwa sokoni Darajani.

Kawa halizuii sisimizi, lakini. Sisimizi wa shughuli hawana mfano, wanajua siku ya khitma kabla ya imamu. Chukua sinia pana, tia maji vidole viwili, pindua bakuli zito katikati, weka trei ya keki juu ya bakuli, na ukingo wa trei usiguse ukuta wala pazia. Daraja moja tu la pazia linatosha. Asubuhi utawakuta wamejipanga ukingoni mwa sinia wanazunguka, wanazunguka, kama watu wanaotafuta pa kuegesha gari Mkunazini siku ya mkesha wa Idi.

Kukata iwe asubuhi, kisu kirefu cha meno, kipanguswe kila mstari. Ikifika saa nne na uani tayari kuna viatu kama vya msikiti wa Ijumaa, usibabaike wala usimlaumu aliyealika. Acha ile minne kwa sita, kata mitano kwa minane. Trei moja inatoa vipande 40, zote tano vipande 200, na hakuna atakayejua, maana kipande kidogo kwenye kisahani kidogo kinaonekana adabu. Atakayesema ni mmoja tu, na huyo atasema iliki haikukolea.

Jioni watu wanaaga, kila mmoja na kifungu chake cha karatasi kwapani, "cha mtoto aliyebaki nyumbani," mtoto mwenyewe ana miaka thelathini. Makombo yanakusanywa, bakuli zinaoshwa, sinia linamwagwa maji na sisimizi wake. Trei zilizotoka ni tano. Zinazorudi ni nne, na ukizigeuza kutafuta ule mkwaruzo wa msumari, moja si yetu.