Mapipa yangu Minnesota, mifuko yetu Tegeta

Huu ni mwaka wa sita niko Minnesota, napuliza povu la kuhami joto kwenye kuta na dari za nyumba. Asubuhi, kabla sijashika bunduki ya povu, nashika kalamu. Naandika namba ya bechi ya kila pipa, la A lenye aisosayaneti na la B lenye rezini (kemikali mbili zinazochanganyika kuwa povu), tarehe ya kuisha muda, joto la pipa, joto la ukuta. Jioni naandika kilichobaki. Mapipa hayo ni ya lita 208, na bunduki inachota sawa kwa sawa, kwa hiyo yanatakiwa kushuka pamoja. Moja likikauka na mwenzake bado ana robo, kuna ukuta umepata povu bovu, na daftari ndilo litakalonionyesha ni upi.

Mwaka juzi mwenye nyumba alilalamika chumba cha mwanawe kinanuka shombo la samaki. Nilikipuliza mimi. Msimamizi alifungua ukurasa wa siku ile: pipa la B nyuzi joto 10, limelala kwenye gari usiku kucha. Rezini ya baridi huwa nzito, pampu haiivuti sawasawa, vipimo vinapotea. Pembeni, kwa mwandiko wangu: "Nimesema tusubiri lipate moto, nimeambiwa tuanze." Povu likakatwa, likapulizwa jipya. Mshahara wangu haukuguswa.

Nikamkumbuka mzee aliyenifundisha ufundi Tegeta, Dar. Nilikuwa saidia fundi wake. Saruji iliyoingia saiti tuliihesabu kwa mkaa ukutani, vistari vitano vitano, mpaka siku tulipopiga plasta juu yake. Bosi akaja akasema mifuko haitimii. Mzee akakatwa ujira wa siku tisa. Hakuwa na karatasi hata moja ya kujitetea, akasema tu, "Mungu anaona," akabeba pima maji yake akaondoka.

Ndugu zangu wa Dar huniambia kuandika-andika ni mambo ya Wazungu. Sikubali hata kidogo. Kamati ya harusi inaandika ahadi ya kila mtu, hadi ya shangazi aliyeko Mtwara. Mangi ana daftari la mkopo, vikoba wana lao. Kwenye saiti tu ndiko tunakoweka hesabu kichwani, na kila ikipotea anayelipa ni fundi.

Sisemi huku kuna utu zaidi. Nyumba nilizopuliza sijui wanaishi akina nani. Mzee wangu alikuwa akipita kwa wateja wake kuwasalimia miaka baada ya kazi kuisha. Lakini salamu zile hazikumrudishia siku zake tisa.

Sasa mpwa wangu kaanza kupuliza povu kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, hapo hapo Dar. Nikamwambia anunue kaunta buku yake mwenyewe, asimsubiri bosi, na aandike hata saa ya kufungua pipa la A, kwa sababu aisosayaneti ikikutana na unyevu huganda, na hewa ya Dar tunaijua. Jana usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza: mapipa manne, namba zote zipo, na saa ya kila kifuniko.