Bao ni la Wawili, Washauri ni Kumi

Hivi ni lini bao la kete, mchezo wa watu wawili tangu enzi za mababu, liligeuka kuwa kikao cha hadhara? Kila jioni tunapokutana barazani, sijamaliza hata kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, kete zangu 22 za mkononi, tayari nyuma ya bega langu imesimama wizara nzima ya ushauri: mmoja anataka nianzie kichwa cha kushoto, lile shimo la mwisho wa safu ya mbele, mwingine anakohoa kila mkono wangu unapokaribia nyumba, lile shimo langu kuu, na wa tatu, ambaye naapa sijawahi kumwona akishinda, anaingiza kidole shimoni na kuhesabu kete kwa sauti, ili mpinzani wangu naye asikie vizuri. Jamani, si bora mnifunge mikono kabisa? Nikifuata ushauri nikafungwa, kosa ni langu. Nikishinda, aliyeshinda ni kidole kile. Tena wapishwe wao kiti, loo! Ghafla bao linataka utulivu, watoto wafukuzwe, redio izimwe, na mtaji mmoja, hatua moja tu ya kula kete, ufikiriwe hadi kahawa ipoe na muuza kahawa aondoke na vikombe vyake. Ninyi wachezaji wenzangu, huko kwenu watu hawa mnawanyamazisha kwa dawa gani?